Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo: Historia ya Bustani ya Mimea ya Entebbe Iandikwe Chini ya Miti Yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Ufugaji na Uvuvi,
Entebbe.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KUWEKA HISTORIA YA BUSTANI YA MIMEA MBELE YA WANANCHI

Kwa heshima zote ninakuandikia nikiwa mkazi wa mji huu ambao wizara yako imeufanya makao yake, kuhusu Bustani ya Mimea, eneo la hekta zipatazo 40 lililo kando ya Ziwa Victoria. Bustani hiyo inasimamiwa na Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO, ambalo liko chini ya wizara yako, ndiyo maana sikuona mlango mwingine wa kubisha.

Bustani ilianzishwa mwaka 1898, wakati utawala wa Waingereza ulipokuwa na makao yake Entebbe, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte, aliyetokea Zomba, katika Malawi ya leo. Wengi wetu tunaoingia pale Jumapili na watoto tunadhani ilitengenezwa kwa ajili ya kupunga upepo. Sivyo. Kilikuwa kituo cha majaribio: mbegu na miche kutoka bustani ya Kew ya London na makoloni mengine vilipandwa, vikaangaliwa kama vitastahimili udongo na mvua za huku, na vilivyofaulu vikapelekwa mashambani, ili lipatikane zao la kuiwezesha serikali ya kikoloni kujilipia gharama zake. Chai ilijaribiwa pale mwaka 1900, na kakao mwaka uliofuata. Mkulima wa Bundibugyo, magharibi mwa nchi, anayeuza kakao leo anavuna matokeo ya majaribio hayo, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia.

Mti wa mpira una masimulizi marefu zaidi. Mbegu zake zilichukuliwa Brazil na Henry Wickham mwaka 1876, zikaoteshwa Kew, miche yake ikasafirishwa hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Singapore, na kizazi chake kikafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huohuo msitu wa Mabira ulikuwa na mti wake wenyewe wa utomvu, Funtumia, ambao nao ulitafutiwa faida. Bei ya mpira duniani ilipoporomoka, matumaini ya wenye mashamba yaliporomoka nayo. Na zao lililokuja kuibeba Uganda, kahawa ya robusta, lilikuwa likiota katika misitu yetu kabla Whyte hajafika. Waganda walikuwa wakilitumia katika kuchanjiana udugu, ambapo tunda moja hupasuliwa na kila mmoja akala buni moja iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwa hiyo historia ya bustani ikianza na meli iliyoleta miche tu, itakuwa imeanzia katikati.

Lipo pia jambo ambalo ni gumu kulisema mahali pa kupunga upepo. Miaka hiyohiyo ya mwanzo, malale iliua zaidi ya watu 200,000 nchini, hasa katika kandokando za ziwa na visiwa, na kuanzia mwaka 1906 Hesketh Bell, aliyeongoza utawala, aliamuru watu wahamishwe kutoka ukanda wa maili mbili wa mwambao ili kuwaepusha na mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Vijiji vikabaki magofu, lakini Entebbe ikaendelea na majaribio yake. Mgeni anayesimama leo ufukweni mwa bustani anastahili kulijua hilo, angalau kwa sentensi mbili. Waongozaji hupenda zaidi kusimulia kwamba filamu za zamani za msituni zilipigwa pale. Sina ugomvi nao, kwani hadithi hiyo huchangamsha wageni.

Ombi langu ni kwamba kila mti mkubwa wa bustani uwekewe kibao kinachotaja ulikotoka, ulipandwa lini kama kumbukumbu zipo, ulijaribiwa kwa kazi gani, na jaribio hilo liliishia wapi. Miti ya asili, kama mvule na musizi, ipewe maelezo ya namna wenyeji walivyoitumia kabla ya mwaka 1898, yakikusanywa kwa wazee wangali hai. Maandishi yawe kwa Kiingereza, Luganda na Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii.

Kazi inaweza kuanza na mkakao. Matunda yake hutoka moja kwa moja kwenye shina, jambo ambalo humfanya mtoto asimame na kuuliza, na palipo na swali ndipo kibao kinapofaa. Mpira na chai vifuate, kisha mengine kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu. Walimu wa shule za mjini wanaweza kusaidia kutafsiri, na mimi ni mmoja wa walio tayari kufanya kazi hiyo bila malipo.

Ninaomba wizara itujulishe ni ofisi gani tuiwasilishie mapendekezo kamili.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
Entebbe