Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mipira mikubwa na vifungo vya shati

Wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Hii taarifa ya kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye DCD (wengine wanaita dispraksia, yaani ubongo unapata tabu kupanga mwendo) nilitakiwa niisome mkutano mkuu, umeme ukakatika nikiwa ukurasa wa kwanza na wengi mlikuwa mnawahi daladala, ndo naiweka hapa kwenye grupu.

Nianze na panapouma, hela. Kamati, na mimi nikiwemo, tulinunua ile mipira mikubwa ya mazoezi na bembea tukiamini mtoto akishajua kubalansi basi na mwandiko utanyooka wenyewe. Haukunyooka. Dada yetu wa tiba kazi (anayesaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku), amesoma pale hospitali ya KCMC Moshi, akatuambia kwa upole tu kwamba kwa watoto wenye DCD kinachosaidia ni kufanyia mazoezi kitu kilekile kinachomshinda. Vifungo vinamshinda, fundisha vifungo. Baiskeli, mtoe na baiskeli. Bembea wanaipenda, ibaki, ila tusiiite tiba.

Basi Jumamosi zetu za mazoezi na watoto zikabadilika. Kuna njia ilianzia Kanada inaitwa CO-OP, mtoto anataja lengo lake, anapanga, anafanya, halafu anajikagua mwenyewe, na wewe mzazi unauliza maswali tu bila kumfanyia (hapa ndo wengi tunafeli, mikono inawasha). Kijana wetu mmoja wa miaka 9 shati la shule lilikuwa linamkalisha mpaka gari linapiga honi getini. Akaulizwa, unadhani unakwama wapi? Akafikiria weee, akasema anaanzia kwenye kola na pale hapaoni. Akaamua aanze na kifungo cha chini kabisa. Wiki ya tatu anamaliza chai bado ya moto. Mama yake alinitumia voisi ya dakika nne, nilichosikia ni kilio tu.

Shuleni bado. Mtoto wetu mwingine alichapwa kisa mwandiko, akaitwa goigoi mbele ya darasa. Tulienda watatu, hatukugombana, tukamweleza mwalimu kwamba misuli ya huyu mtoto haina shida na akili anayo, tabu iko kwenye ubongo kupanga mwendo, na inakadiriwa watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule wako hivi, yaani darasa lake la watoto 60 anao kama watatu. Akakaa kimya, baadae akasema hata yeye kudaka mpira hajawahi kuweza mpaka leo. Siku hizi mtoto anajibu maswali mengine kwa mdomo.

Wazazi wapya mnaoniuliza inbox, mtoto wa miaka 3 kudondosha kijiko msimpe jina bado, kawaida hali hii haithibitishwi kabla ya miaka 5, na daktari lazima kwanza aangalie macho na mishipa ya fahamu. Wengi wa watoto wenye DCD wana na ADHD pia (shida ya kutulia na kuwa makini), hivyo mkishapata jibu moja msifunge faili. Ila mtoto aliyekuwa anatembea vizuri akaanza kupoteza alichokuwa anakiweza, huyo hospitali haraka, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Michango ya mwaka mpya inabaki ileile, mnaodaiwa mnajijua. Mipira miwili inauzwa, bado mizima, muone mweka hazina, bei maelewano.