Kalsiamu siyo ya mifupa tu jamani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie ile makala ya ukurasa wa afya iliyosema kazi ya kalsiamu ni kujenga mifupa na meno, ikaishia hapo. Mimi ni mkunga huku Lindi na nimeshindwa kuiacha ipite, maana siku hizi stendi wanapita watu na spika wanauza makopo ya kalsiamu, wanasema inatibu sukari, inaondoa ganzi, inafufua neva (mishipa ya fahamu) zilizokufa, sasa msomaji ambaye anajua ya mifupa peke yake hana cha kuwajibu, ama atawaamini kwa kila kitu ama atakuja kukataa hata vidonge vya kliniki ambavyo ni vya maana.

Ni kweli kama asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno, hapo hamjakosea. Ila hiyo ndogo iliyobaki, iliyo kwenye damu na kwenye seli na majimaji yanayozizunguka, ndo inayoamua homoni, zile kemikali za mwili zinazobeba ujumbe kwenye damu, itoke saa ngapi na neva ipeleke ujumbe saa ngapi. Hata moyo unaitegemea. Mwaka 1883 daktari Sidney Ringer kule London alionyesha kwamba moyo wa chura ukiwa kwenye maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu unadhoofika mpaka unasimama, ukipata kalsiamu unaendelea kudunda.

Iko hivi. Seli inayotoa homoni haingoji homoni ihitajike ndo ianze kuitengeneza, inatengeneza mapema, inapakia kwenye vifuko vidogo mno, na vingine vinasogezwa mpaka kwenye ukuta wa seli vinakaa hapo tayari. Watu wa korosho mtanielewa haraka, mzigo ushapimwa, ushaingia ghalani, umepangwa karibu na mlango, lakini hakuna gunia linalopanda lori mpaka kibali cha kutoa mzigo kifike. Kibali chenyewe ndo kalsiamu. Nje ya seli ipo nyingi kama mara 10,000 kuliko ndani, na seli inatumia nguvu usiku na mchana kuisukuma itoke. Kwenye ukuta kuna vilango vinavyofunguka umeme wa seli ukibadilika, vikifunguka kalsiamu inaingia kwa kasi, inanasa kwenye protini inayoitwa sinaptotagmini, kifuko kinaungana na ukuta na kumwaga kilichomo. Kwenye neva, kuanzia kalsiamu inaingia mpaka kifuko kinamwaga, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwanasayansi Thomas Südhof aliyeichambua hiyo protini alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2013 pamoja na wenzake wawili, Rothman na Schekman.

Kuna jaribio moja nalipenda sana. Miaka ya 1960 wanasayansi Bernard Katz na Ricardo Miledi walichukua neva ya chura ikiwa bado imeshikana na msuli wake, wakaiweka kwenye maji yasiyo na kalsiamu, halafu wakawa wanaidondoshea kalsiamu kidogo kwa kijibomba chembamba pale pale neva inapogusana na msuli. Kalsiamu ikitangulia kidogo tu kabla ya umeme wa neva, neva inatoa asetilikolini, ile kemikali inayouamrisha msuli ukaze. Ikifika baada ya umeme kupita, hamna kitu. Yaani kuwepo kwa kalsiamu peke yake hakutoshi, lazima iwepo mahali pale na wakati ule, na hapo ndo wauza makopo wanapoanguka, nitarudi kwao.

Kwanza niwapeleke wodini. Mama akipata kifafa cha mimba tunampa magneziamu salfeti, dawa iliyookoa wengi, lakini magneziamu inazuia kalsiamu isipite kwenye vile vilango, kwahiyo ikizidi neva zinazokwenda kwenye misuli zinashindwa kutoa asetilikolini ya kutosha. Ndo maana kabla ya dozi utamuona nesi anamgonga mgonjwa chini ya goti, anahesabu pumzi zake dakika nzima, anaangalia mkojo kwenye mfuko. Ndugu wengine wanakasirika, mgonjwa wetu mahututi nyie mnachezea magoti. Hatuchezi ndugu zangu. Goti lisiporuka dozi inayofuata haipewi, pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika vilevile, kwa sababu goti linatangulia kulala halafu ndo inafuata misuli ya kupumulia. Na kwenye trei lazima pawepo kalsiamu glukoneti, kalsiamu ya sindano ya kupinga magneziamu iliyozidi, gramu 1, inachomwa kwenye mshipa taratibu sana. Nimeshasimama kitandani kwa mama ambaye pumzi zilikuwa zinakuja moja moja kwa mbali, sindano inaingia polepole huku mwenzangu anambana maski usoni, na kifua kikaanza kupanda chenyewe tena. Ile haikuwa kalsiamu ya mifupa.

Sukari nayo iko hivyo hivyo. Ukila, glukosi inaingia kwenye seli za kongosho zinazotoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inachomwa kuwa nguvu, ile nguvu inafunga vilango vya potasiamu, umeme wa seli unabadilika, vilango vya kalsiamu vinafunguka, kalsiamu inaingia na insulini inatoka. Wengi wenye sukari ya ukubwani wanameza glibenklamaidi, na hiki kidonge kinavifunga vile vilango vya potasiamu chenyewe, uwe umekula au hujala! Insulini itatoka tu. Sasa bibi anameza asubuhi halafu anasema chai nitakunywa nikirudi shamba, saa nne anakutwa njiani anatokwa jasho, anatetemeka, haelewi anachoulizwa, watu wanasema katupiwa kitu. Hakuna aliyemtupia kitu, sukari imeshuka, kama bado anaweza kumeza apewe maji ya sukari haraka kisha ale, na kama hawezi kumeza msimlazimishe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na mtu ambaye seli zake za insulini zimeshakufa, kama watoto wengi wenye sukari, kidonge hicho hakimfai maana hakuna cha kutoa, yeye ni sindano ya insulini, na anayeiacha kwa ajili ya kopo la stendi anahatarisha maisha.

Hata maziwa ya mama ni hivyo. Mtoto akinyonya taarifa inafika kwenye ubongo, kalsiamu inaingia kwenye ncha za neva zilizopo nyuma ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, homoni ya oksitosini inamwagika kwenye damu, maziwa yanashuka.

Sasa hao wa makopo. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi vinne vidogo vinavyolinda kalsiamu ya damu isipande wala kushuka, kwa kawaida inakaa kama 2.1 mpaka 2.6 milimoli kwa lita. Vyenyewe vinaenda kinyume na seli nilizozitaja, kalsiamu ya damu ikipanda vinapunguza homoni yao, ikishuka vinaitoa kwa wingi ili kalsiamu itolewe kwenye mifupa na figo ziizuie isipotee. Kwahiyo hata ukiongeza vidonge mwili unajitahidi kuirudisha pale pale, na hakuna kilango cha neva kitakachofunguka kwa sababu umenunua vidonge, vinafunguka kwa umeme wa seli yenyewe. Utakachopata ni choo kigumu, na ukizidisha kwa muda mrefu mawe kwenye figo.

Wajawazito naomba msinielewe vibaya. Vidonge vya kalsiamu mnavyopewa kliniki mezeni, Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula hakina kalsiamu ya kutosha, ili kupunguza hatari ya kupanda kwa presha ya mimba ambayo ndo inazaa kifafa. Msivimeze pamoja na vya kuongeza damu, viachanisheni masaa, maana kalsiamu inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Na dagaa wale wazima wazima na mifupa yao, tunao huku, tusiwauze wote.

Mhariri, nawaomba kwenye ukurasa huo huo wa afya mrudie hii habari ya kalsiamu, na ile ya kidonge cha sukari na chakula muiweke juu kwa herufi kubwa, kwa sababu gazeti lenu linasomwa hadi Liwale na Nachingwea kwenye maduka, na wanaokaa pale kwenye mabenchi wengi ni wazee wanaomeza hivyo vidonge.

Mkunga,
Lindi