Kangaja wetu anaumwa

Uyole, Mbeya
Julai

Mpendwa rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi sote hatujambo, na mama mkwe anakushukuru tena kwa zile embe. Natumai wewe, shemeji na watoto mko salama. Ujumbe wako wa simu niliupata, lakini jambo lenyewe ni refu, ndiyo maana nimeamua kukaa nikuandikie.

Kangaja, yule samaki wa bahari wa bluu uliyeniletea nimfuge kwenye akwaria, tangi langu la kioo, anaumwa. Picha niliyokutumia ulidhani ni mchanga umemganda mwilini, lakini sivyo. Ni madoa meupe yanayosimama juu ya ngozi, kila moja nusu milimita hivi, na mengi yako kwenye mapezi na ubavuni. Anajikuna kwenye mawe, anapumua harakaharaka, na muda mwingi anasimama mbele ya pampu, pale maji yanapotokea. Nimemmulika kwa tochi kutoka ubavuni nikitafuta ule ukungu laini wa rangi ya dhahabu, maana huo ni ugonjwa mwingine na huua kwa siku chache tu. Sijauona. Na bado anakula, jambo linalonipa moyo kuliko yote.

Kinachomsumbua ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Nakuomba usijilaumu kwa kuwa wewe ndiye uliyemleta. Kimelea hiki kipo hata baharini, na kangaja hawa wa bluu wanajulikana kwa kukipata upesi kuliko samaki wengi. Baharini hakimzidi nguvu, kwa sababu samaki huhama na bahari ni pana, na watoto wengi wa kimelea hufa kabla ya kumpata samaki wa kumng'ang'ania. Ndani ya kioo hakuna pa kuhamia.

Sasa nije kwenye ushauri wako, kwamba nimimine dawa ya kopa, yaani shaba, kwenye akwaria tumalize mambo. Najua umesema kwa kunihurumia. Lakini sitafanya hivyo, na nataka unielewe vizuri, kwa sababu nawe una akwaria yako na siku moja yaweza kukufika.

Yale madoa tunayoyaona ni sehemu ndogo tu ya ugonjwa. Kimelea hukaa chini ya ngozi ya samaki siku tatu hadi saba, kinakula na kunenepa, kisha kinajitoa chenyewe na kuanguka. Kikifika chini kinajishikiza kwenye mawe, mchanga au hata kioo, kinajifungia ndani ya gamba na kuanza kugawanyika. Gamba moja hutoa mamia ya watoto. Wengine hutoka baada ya siku chache, wengine baada ya wiki kadhaa, na wakishatoka wanatakiwa wampate samaki ndani ya siku moja au mbili, la sivyo wanakufa. Kwa hiyo madoa yakitoweka leo, wenye samaki hushangilia, wanasema amepona. Hajapona. Vimelea vimeshuka kwenda kuzaa, na vitarudi vingi zaidi. Naamini samaki wengi hufia hapo, kwenye zile siku mwenye samaki anapodhani mambo yametulia.

Kopa huwapata watoto wanaoogelea tu. Walio ndani ya gamba haiwadhuru, wala walio chini ya ngozi. Na mle ndani nina matumbawe, konokono, uduvi na anemoni, ambao wote wangekufa kwa kopa. Mawe yenyewe pia huinyonya, kipimo kikawa hakieleweki tena.

Kuna na jambo la huku kwetu. Jirani mmoja, mkulima wa kahawa kule Mbozi, aliposikia nahitaji kopa akaja na dawa yake ya shambani, ile wanayopulizia magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, akasema na mrututu, ile chumvi ya shaba, pia unapatikana duka la pembejeo. Moyo wake ni mwema sana, lakini nilikataa. Kopa ya kutibu samaki wa bahari ni miligramu 0.15 hadi 0.20 tu kwa lita. Ikipungua haifai kitu, ikizidi inamuua samaki, na dawa ya shambani imechanganywa na vitu visivyotengenezwa kwa ajili ya samaki. Bila vipimo halisi vya kopa mkononi, nisingethubutu hata kwenye beseni.

Njia niliyochagua ni ya maji yenye chumvi kidogo. Kangaja na wale samaki wengine wawili wa rangi ya chungwa wanaoishi kwenye anemoni nimewatoa wote. Hao wawili hawana doa hata moja, lakini kimelea huweza kujificha kwenye matamvua, na samaki mmoja akibaki atakilea. Kangaja sikumtoa kwa wavu. Unakumbuka wavuvi wa kwetu wanavyomshika kwa tahadhari, kwa ajili ya ule wembe wa mkiani? Wembe huo hunasa kwenye nyuzi, yeye anaumia na wewe unakatwa. Nilimwongoza taratibu aingie kwenye bakuli la plastiki, nikamhamisha pamoja na maji yake.

Sasa wako kwenye pipa safi la plastiki, bila mchanga wala jiwe. Ndani kuna hita, sifongo ya kuchuja iliyokuwa ikikaa kwenye akwaria, na vipande vya bomba la PVC vya kujifichia. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Nimeyashusha hadi 14, polepole kwa siku mbili. Damu ya samaki wa bahari ina chumvi kama theluthi ya ile ya bahari, ndiyo maana maji haya hayamtesi, tena yanampunguzia kazi ya kuitoa chumvi mwilini. Kimelea hakiwezi kujizuia namna hiyo. Maji yanakiingia mpaka kinapasuka.

Kilichonifanya niipende zaidi njia hii ni milima yenyewe. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji nayo yanashika oksijeni kidogo. Hapo kwenu Tanga, maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hushika kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Huku ni 5.5 hivi. Mfikirie sasa samaki ambaye matamvua yake yameliwa na vimelea, anavuta pumzi kwenye maji ya namna hiyo. Alfajiri ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu usiku mwani wa kwenye akwaria nao hutumia oksijeni, na vimelea hupenda kutoka na kuanguliwa gizani. Maji yenye chumvi kidogo hushika oksijeni zaidi. Nimeongeza pia pampu mbili za hewa, moja ya betri, maana umeme ukikatika usiku wa Julai pipa hupoa upesi sana. Nimelizungushia blanketi, juu nimeacha wazi ili hewa ipite.

Kazi kubwa ni kulinda kipimo. Hewa ya msimu huu ni kavu na maji yanapungua pipani, lakini chumvi haipungui, kwa hiyo bila kuangalia inapanda kimyakimya, na ikipita 16 kimelea kinapona. Nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito, na kila asubuhi najazia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpaka hapo. Refraktometa, kile kifaa cha kupimia chumvi, nairekebisha kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, isome sifuri kamili. Amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, nayo naipima kila siku. Pipa halina mawe ya kusafisha maji, na uchafu wa samaki watatu si kitu kidogo. Ikionekana tu, nabadilisha sehemu ya maji.

Watakaa humo wiki nne baada ya doa la mwisho, kisha nitaipandisha chumvi kwa muda wa wiki nzima. Akwaria kubwa itakaa bila samaki siku 76, mpaka magamba ya mwisho yaanguliwe na watoto wakose pa kwenda. Mwanangu anauliza kila jioni kwa nini taa inawashiwa mawe matupu. Namwambia matumbawe nayo ni hai, yanahitaji mwanga.

Kwa hiyo, yule samaki mwingine uliyetaka kumtuma ili kangaja apate mwenzake, tafadhali mwache kwanza. Na huko kwako, kila mgeni akae peke yake wiki kadhaa kabla hujamwingiza kwa wengine, hata kama anang'aa.

Ninachokuomba ni maji. Nitumie madumu matatu ya lita 20. Kwa kipimo changu, dumu moja la maji ya bahari nikilichanganya na maji baridi linatoa lita 50, kwa hiyo hayo yatanitosha kwa muda. Yateke maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto, na si siku ya mvua. Madumu yawe mapya, yasiwe yamebeba mafuta wala sabuni. Yachuje kwa kitambaa safi na uyafunike yasipigwe na jua. Kama utaona wale mwani wa kijani wenye majani mapana kwenye mawe ya ufukweni, nikaushie kidogo. Mchicha ninaompa anaula, ila kwa kusitasita.

Mwambie kondakta mzigo ushushwe stendi ya Nanenane, kisha nitumie namba ya basi. Nitakuwepo na bajaji. Nauli ya mzigo nitakurudishia siku hiyohiyo, usianze kubishana.

Msalimie shemeji, na mama hapo nyumbani mpe shikamoo yangu.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura