Vijana wa korona si wavivu, walipotezewa safari ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji aliyeandika wiki jana kwamba vijana waliokulia wakati wa korona ni wavivu, kazi yao kulala na simu. Mimi ni mama wa vijana wawili wa umri huo na sikubaliani naye.

Shule zilipofungwa mwaka 2020, binti yangu alikuwa na miaka 12 na kaka yake 15. Hakuna kati yao aliyekuwa mwanamichezo. Ila shule walikuwa wakienda kwa miguu, dakika 25 kwenda na 25 kurudi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hadi pumzi ipande. Kwa mwendo wa watoto wanaokimbizana na kengele, wangu walikuwa na 50 kabla hata hawajagusa mpira. Tangazo la kufunga shule lilipotoka, wazazi tulihesabu vipindi na mitihani itakayopotea. Dakika hizo hakuna aliyezihesabu, mimi nikiwemo.

Kaka mtu alipata video za mazoezi kwenye simu. Wiki mbili alipiga pushapu sebuleni mpaka vikombe vikatikisika kabatini, ya tatu akaacha. Nilipomuuliza, akasema, "Mama, peke yangu nachoka bure."

Binti yangu mchezo wake ni kamba, na kamba inataka watu watatu: wawili wazungushe, mmoja aruke. Kuchangamana na majirani kulikuwa marufuku. Basi nikafunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, nyingine nikaizungusha mwenyewe huku magoti yakilalamika. Aliruka mara nne au tano, akanitazama kwa huruma (nadhani ilikuwa huruma), akasema tupumzike. Hakuniomba tena. Bila wale wenzake wawili, kamba haikuwa na utamu. Kazi za nyumbani nazo zilimwelemea yeye kuliko kaka yake, nakiri. Kupiga deki ni mazoezi pia, lakini sijapata kuona binti anayedeki huku akicheka.

Tena tatizo hili halikuletwa na virusi. Novemba 2019, kabla korona haijajulikana, ulichapishwa utafiti wa nchi 146 ulioonyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikii zile dakika 60 kwa siku: wasichana asilimia 85, wavulana 78. Karantini iliwakuta tayari wako pabaya.

Kilichoniuma zaidi ni yaliyofuata shule zilipofunguliwa. Vipindi viwili vya michezo kwa wiki vilichukuliwa kufidia masomo. Nilipouliza, niliambiwa michezo itasubiri. Umri huu ndio mifupa inajijenga kwa kuruka na kukimbia, sasa isubiri mpaka lini? Miaka miwili imepita na vipindi havijarudi. Walimu wakuu wanaosoma barua hii, tunaviomba.

Na mimi nina langu. Kwa kuogopa misongamano nilianza kuwapeleka shule kwa gari. Hofu ikaisha, gari likabaki. Mvua ikinyesha gari, jua likiwaka gari. Ningewezaje kumwita mtoto mvivu wakati mlango wa gari namfungulia mimi?

Jumatatu iliyopita tuliliacha nyumbani. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 14, alikubali kutembea kwa sharti moja: nibaki nyuma kama hatua 20, wenzake wasije wakaniona. Nikabaki nyuma. Tulipofika nusu ya njia alikuwa ameshapata wenzake wawili, wanacheka na kusukumana, na mimi nahema nyuma yao nisiweze kuwafikia.

Mama wa vijana wawili