Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Historia ya Idara Ipo Kwenye Droo

Ndugu wanachama wenzangu, habari za siku nyingi. Niende moja kwa moja kwenye kazi mliyonituma kwenye mkutano mkuu uliopita, kuandika historia ya idara yetu ya jiolojia na wakuu wake wote. Majina na miaka tumepata karibu yote, faili zilikuwepo. Ila nilipokaa na ile orodha nikaona haisemi kitu, huyu kaingia yule katoka, basi.

Kilichonibadilisha ni stoo. Tumefungua droo za chini kabisa tukakuta sampuli zimeviringishwa kwenye magazeti, lebo zimeliwa na mende, na nyie mnajua jiwe lisilojulikana lilikotoka linabaki jiwe tu, tabaka gani, nani aliliokota, hakuna. Droo ya pembeni yake kila jiwe lina doa la rangi nyeupe na namba juu yake, kadi ya wino ipo, mwandiko ule ule miaka nenda rudi, ni wa fundi wa maabara ambaye kwenye orodha ya viongozi hayumo. Iliniuma kwa kweli.

Na uongozi wa jiolojia pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ulianzia hukohuko kwenye makabati. John Woodward, daktari aliyekusanya mawe, alipofariki 1728 alikiachia chuo makabati yake mawili ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyobaki kwenye mawe, pamoja na pesa ya kumlipa mtu wa kufundisha na kuvitunza, tena wosia ukataka huyo mtu asiwe na mke! Ndo kiti cha uprofesa alichokalia mwanajiolojia Adam Sedgwick kuanzia 1818 mpaka anafariki 1873, miaka 55 na hakuoa, ndiye aliyekipa jina kipindi cha Kambria, kimoja cha vipindi vya kale sana vya historia ya dunia, na 1831 alimchukua Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, wakati huo kijana wa miaka 22, akaenda kumfundisha fildi kule Wales. Makabati yenyewe yapo mpaka leo maana kulikuwa na mtu kaajiriwa kuyatunza.

Kwa hiyo kamati imeamua mafundi wa maabara, madereva wa fildi na watunza sampuli wote waingie kwenye kitabu, sura moja na wakuu wa idara. Hesabu za fedha mtasomewa na mhazini.

Ombi langu, daftari zenu za fildi msizitupe, hata zilizolowa mvua, zileteni mkutanoni tuziskani, maana kuna namba kwenye yale mawe ya kwenye magazeti zinasomeka nusu, na nusu nyingine huenda mnayo nyinyi.