Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi: Runinga Darasani, Sokoni na Nyumbani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kufika hapa Chamwino kushiriki nasi mahafali haya. Risala nyingi za siku kama ya leo hutaja madawati, mabweni na upungufu wa walimu. Hayo Mkuu wa Shule atayaeleza katika taarifa yake. Sisi wahitimu tumechagua kuzungumzia runinga, kwa sababu tumekua nayo, imetufundisha mengi mazuri na mengine ya hovyo, na tunaamini kwamba shuleni runinga inahitaji mwalimu pembeni yake kuliko inavyohitaji kioo kipana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tanzania Bara ilichelewa kupata runinga. Kenya na Uganda zilianza katika miaka ya 1960, Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali huku Bara vituo vya kwanza, tena vya watu binafsi, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Wapo wanaouhesabu ucheleweshaji huo kuwa hasara tupu. Sisi tunaona kwamba katika miaka hiyo nchi ilijifunza kwa redio jambo ambalo runinga bado haijalifanya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya takribani watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kufuatia, na kipindi kilipokwisha wanakikundi walijadili waliyoyasikia, kisha wakakubaliana la kufanya kijijini kwao, iwe ni kuchimba vyoo, kufyeka vichaka vinavyozunguka nyumba au kuchemsha maji ya kunywa. Babu na bibi zetu wengi wanayakumbuka mambo hayo vizuri kuliko sisi tunavyokumbuka kipindi tulichokitazama juma lililopita.

Mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa kwa redio na runinga. Sisi tulikuwa shule ya msingi. Waliokuwa na umeme na runinga nyumbani walivitazama, na wasiokuwa navyo walichunga mbuzi na kuteka maji hadi shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Tofauti hiyo kila mtu aliiona. Iliyosemwa kidogo ni ile iliyokuwapo miongoni mwa waliotazama, kwani mwenye kaka au dada wa kumuuliza "hapo amepataje jibu?" alisonga mbele, ilhali aliyeketi peke yake alibaki palepale, kwa kuwa mwalimu wa kwenye kioo haoni mkono ulionyooshwa.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo ubao na chaki haviwezi kuyafikia. Mwanafunzi anaweza kukariri maelezo ya mlima wa volkano kwa miaka minne, lakini akiuona Oldoinyo Lengai ukifuka moshi kwenye runinga, maelezo yale hupata mwili. Ndivyo ilivyo kwa moyo unavyosukuma damu, na kwa majaribio ya kemia ambayo maabara yetu haina vifaa vyake. Wadogo zetu nao wana vipindi vya katuni vya hapa nchini, kama vile Ubongo Kids kilichoanza kurushwa mwaka 2014, ambavyo vinawafundisha hesabu kwa Kiswahili kilekile wanachochezea mitaani.

Katika somo la Uraia faida tuliyoipata ni ya pekee. Bunge linakutana jijini Dodoma, jirani kabisa na wilaya yetu, lakini wengi wetu tumeingia ukumbini humo kwa msaada wa kamera tu. Mwalimu wetu alitumia matangazo ya kipindi cha maswali na majibu kutuonyesha namna swali la msingi linavyofuatwa na swali la nyongeza, Spika anavyosimamia kanuni, na muswada unavyosomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tulitazama kwa muda mfupi, akazima, tukaanza kubishana, na ubishi ule ndio uliotufundisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Katika biashara, mfano ulio karibu nasi ni mpira. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha za aina hiyo huanzia kwenye klabu, Dodoma Jiji ikiwamo, lakini riziki inayotokana na mchezo huohuo hushuka hadi kwa mwenye kibanda umiza anayetoza kiingilio kidogo, mama anayekaanga mihogo mlangoni, fundi anayefunga madishi na wakala anayelipia watu vifurushi. Wakulima nao wana lao: utabiri wa mvua za msimu, zinazonyesha kwetu kuanzia Novemba hadi Aprili, hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa na kutangazwa kwenye taarifa ya habari, na mkulima wa alizeti anayeufuata hupanga siku ya kupanda kwa uhakika zaidi. Tunachosikitika ni kwamba zabibu za Hombolo na Mpunguzi huonekana kwenye runinga zaidi wakati wa ziara za viongozi kuliko wakati wa kutafutiwa wanunuzi.

Nyumbani, runinga imebadilisha jioni zetu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku bado inawakusanya wazee, na baada ya hapo rimoti hugombaniwa kati ya mpira na tamthilia. Leo kijana wa Dodoma anaweza kukutajia mitaa ya Istanbul kwa sababu ya tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, huku michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, akiifahamu kwa jina tu. Hatuwalaumu watazamaji. Mtu hutazama kilichowekwa mbele yake, na nafasi ya kuweka kingine ipo: tangu Dodoma ilipohama kutoka analojia kwenda dijitali mwanzoni mwa mwaka 2013, masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja yanaweza kubeba chaneli kadhaa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kupata runinga moja na king'amuzi kwa ajili ya bwalo letu, pamoja na betri na paneli ya sola, kwa kuwa umeme hukatika mara nyingi saa za jioni. Tunaomba pia utufikishie kwa wahusika ombi kwamba ratiba ya vipindi vya masomo itolewe kabla ya muhula kuanza, ili walimu waviingize katika maandalio yao, na kwamba vipindi vilivyokwisha kurushwa viweze kunakiliwa kwenye flashi na kusambazwa katika shule zisizo na intaneti. Kwa upande wetu, Mkuu wa Shule ameridhia kila kipindi kitazamwe mbele ya mwalimu wa somo na kufuatiwa na mjadala, na wenzetu wa kidato cha tatu wamekubali kutunza daftari la maswali yatakayoibuka.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza, na tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu wa kidato cha nne.