Tuandike pia habari za mazoezi yaliyokwenda vibaya

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 20 Julai magazeti yetu hukumbusha safari ya Apollo 11, iliyowafikisha binadamu wa kwanza Mwezini mwaka 1969, na picha huwa ile ile ya unyayo katika vumbi la Mwezi. Siyapingi maadhimisho hayo. Naomba tu nafasi ya kueleza jambo ambalo huachwa karibu kila mwaka, nalo ni mazoezi yaliyotangulia, hasa yale yaliyoharibika, kwa sababu nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka mingi na wanafunzi wangu wengi waliamini kuwa mwanaanga ni mtu asiyekosea. Hata pale tunapogusia mazoezi, tunaishia kwenye bwawa la Houston, Marekani, lenye kina cha meta 12, ambamo wanaanga hujizoeza kufanya kazi kana kwamba hawana uzito, na mashine za kumzungusha mtu, kana kwamba kinachofundishwa ni mwili peke yake.

Mapema Julai 1969, siku chache kabla ya roketi kuruka, waongozaji wa safari mjini Houston walikuwa wakifanya zoezi la kutua. Dick Koos, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatungia matatizo, aliwaletea onyo la kompyuta namba 1201. Steve Bales, kijana wa miaka 26 aliyesimamia kompyuta ya chombo cha kutua Mwezini, hakuwa na kanuni yoyote ya kumwongoza kuhusu onyo hilo, akashauri kutua kusitishwe, na Gene Kranz, mkuu wa zamu, akasitisha. Zoezi lilipokwisha waliambiwa kwamba wamekosea, maana kompyuta ilikuwa ikitoa taarifa kuwa imezidiwa na kazi, huku zile za lazima ikiendelea kuzifanya. Kranz aliagiza maonyo yote yachunguzwe upya, na mhandisi Jack Garman, mwenye miaka 24, akayaorodhesha kwa mkono katika karatasi aliyoiweka chini ya kioo cha meza yake.

Siku ya kutua kwenyewe, chombo kikiwa takriban kilometa 10 juu ya Mwezi, likatokea onyo namba 1202, la jamii moja na lile la mazoezini, na Neil Armstrong, kiongozi wa wanaanga waliokuwa safarini, akataka aelezwe maana yake. Garman alilitambua mara moja, akamwambia Bales kwamba maadamu halijirudii mfululizo hakuna sababu ya kusitisha, na Bales, yule yule aliyesitisha siku chache nyuma, akatoa ruhusa ya kuendelea.

Armstrong naye alikuwa na funzo lake. Tarehe 6 Mei 1968, karibu na Houston, alikuwa akirusha chombo cha mazoezi ambacho injini yake ya jeti ilibeba sehemu tano kati ya sita za uzito, ili rubani aonje uvutano hafifu wa Mwezi. Chombo kikamshinda, akafyatuka na kiti chake na kushuka kwa parachuti, huku chombo kikianguka na kuteketea. Wapo wakubwa waliotaka vyombo hivyo viachwe kwa hatari yake. Armstrong alishikilia kuwa bila hivyo hakuna namna ya kujifunza kutua, nami naona alikuwa na haki.

Marubani wa ndege za abiria hupita njia hiyo hiyo kwa usalama zaidi. Hurudishwa mara kwa mara katika chumba cha kuigizia urushaji, na mkufunzi huwazimia injini wakati ndege imeshika kasi isiyoruhusu tena kusimama ndani ya urefu wa njia ya kurukia. Atakayekosea humo ataelezwa alipokosea, kisha atarudia hadi apatie.

Katika maabara zetu nimeona kinyume chake. Mwanafunzi aliyepima muda wa timazi inayobembea na kupata jibu lisilolingana na la wenzake hulifuta haraka, akanakili la jirani yake kabla mwalimu hajafika mezani, kwa sababu alama hutolewa kwa jibu, wala haulizwi kilichomfikisha kwenye lile la kwanza. Mtoto huyo akisoma habari za Mwezi katika gazeti lako anakutana na mashujaa ambao hawakuwahi kufuta kitu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, Julai ijayo, kando ya picha ya unyayo, tafadhali chapisha pia picha ya karatasi ya Garman yenye mwandiko wake wa mkono, na chini yake ueleze kosa lililofanya iandikwe.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro